Wimbo wa Kuwaita Kisimani

Mdogo wangu Keynan alikula mayai kwa miezi mitano, na hakuyapenda hata siku ya kwanza. Alichotaka ni trei. Mzee Kerrow, mwenye nyumba, alikubali kumkodisha chumba cha nyuma hapa mtaani Iftin, mjini Garissa, kwa sharti moja: muziki usisikike nje. Mtu fulani akamwambia Keynan kwamba trei za mayai zikigongomelewa ukutani humeza sauti. Kununua trei tupu aliona ni hasara. Basi tukala mayai, yeye, mimi na mama, mpaka kuta nne na dari vikajaa, na hadi leo nikiona yai nageuza uso.

Mimi ni Saynab, dada yake. Nauza vitambaa vya harusi sokoni Garissa, na yeye hupiga kinanda na kaban, ala yetu ya nyuzi yenye tumbo kubwa, kwenye harusi hizo hizo. Kwa hiyo maharusi tunawajua pande zote: mimi najua walivyovaa, yeye anajua walivyocheza. Na sote wawili tunajua kwamba baba wa bibi harusi akitaka kuonekana mtu, hukodi bendi kutoka Nairobi. Bendi hushuka kwenye basi na spika zake, hula wali na nyama mpaka inatosheka, hulitaja vibaya jina la babu wa bwana harusi, kisha hurudi ilikotoka. Bendi zetu nne za hapa hualikwa kuangalia.

Si kwamba bendi zetu hazijui kazi. Hazina vyombo. Kundi la tano, la kambi ya wakimbizi ya Ifo, lina waimbaji watano na maikrofoni moja, na wanavyoipokezana utadhani ni kikombe cha maji mwezi wa Ramadhani. Keynan alikuwa na ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa na orodha: spika mbili kubwa, mashine ya kuchanganya sauti, maikrofoni sita, umeme wa jua. Bendi ije ifanye mazoezi mchana bila malipo, siku ya harusi ikodi vyombo, na yeye apate sehemu yake baada ya sherehe. Aliieleza ndoto hii kila mahali palipokuwa na kiti. Benki waliuliza dhamana. Ofisi moja ilimpa fomu ya wafugaji wa kuku, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki, naye akaijaza kwa uaminifu mpaka alipofika kwenye swali la idadi ya majogoo. Jamaa yetu aliye ng'ambo alimtumia dua.

Chumba kikakaa na trei zake. Kilikuwa kimya sana. Mzee Kerrow alikisifu.

Ndipo mama akawakumbuka ngamia wa kitovu.

Kwetu Wasomali, mtoto wa kiume akizaliwa, siku kitovu chake kinapofungwa hupewa ngamia jike mchanga. Huyo ngamia na wote watakaotoka kwake ni mali ya mtoto, hata akikulia mjini asijue ngamia hukamuliwa upande gani. Mimi nilipozaliwa kitovu changu kilifungwa kwa uzi, na mambo yakaishia kwenye uzi. Sijasahau. Ngamia wa Keynan alitolewa na abti yetu Guled, kaka yake mama, anayechunga karibu na Diff kule mpakani. Yule wa kwanza alishakufa kwa uzee, lakini uzao wake ulikuwa umefika majike saba. Ukame ule mkubwa uliua nusu ya kundi la Abti. Katika wale saba hakufa hata mmoja. Hatukumwuliza Abti alifanyaje, na nadhani tuliogopa jibu.

Tukaenda Diff, mimi na Keynan. Mimi nilienda kwa sababu yeye akiomba kitu huanza na habari za hali ya hewa. Abti aliisikiliza ndoto yote, na orodha yake. Yeye huona muziki ni upuzi wa watu wanaoshinda kivulini. Hata hivyo, kila zamu yake ya kunywesha ikifika husimama kisimani na ndoo mkononi akaimba saa nzima. Keynan alimwuliza, kama si muziki, basi kile ni nini.

"Kile ni maji," alisema Abti.

Kisha akanywa chai yake mpaka mwisho. "Abti," akamwambia Keynan, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "wale ni wako. Mtu haombi chake. Unataka wangapi?"

"Watano."

"Basi waite."

Katika ukoo wa mama, ngamia wa kitovu hatolewi kundini kwa fimbo. Mwenyewe humwita kwa wimbo wa kisima wa nyumba yao, naye huja kwa miguu yake. Asipokuja, ni wako lakini huwezi kumuuza. Keynan aliposikia hivyo alicheka kwa furaha. Katika mitihani yote ya dunia, alikuwa amepewa wa kuimba.

Kesho yake ilikuwa zamu ya maji. Alisimama kando ya kisima, akasafisha koo, akaimba. Niseme ukweli, sijawahi kumsikia akiimba vizuri vile. Wimbo wa Abti una sauti nne tu, na ya tatu imepinda. Keynan aliinyoosha. Mwishoni akaongeza madoido ya harusini. Wanaume wa kisima cha pili waliweka ndoo chini wamsikilize. Ngamia waliendelea kutafuna.

Abti akaimba mstari mmoja, kwa koo la mtu aliyelamba mchanga, na kundi zima likainua shingo.

"Umeimba wimbo mwingine," alimwambia Keynan. "Ni mzuri. Hawaujui."

Mimi nilirudi kwenye vitambaa vyangu. Keynan alibaki, kwa sababu zamu ya maji haiji kila siku, na kujifunza kuimba vibaya kulimchukua karibu mwezi mzima. Alivuta ndoo mpaka viganja vikachubuka. Alilala kwenye mkeka karibu na zizi. Alikunywa maziwa ya Barni, jike mkubwa kati ya wale saba, aliyekuwa na kovu sikioni na tabia ya kumpulizia mtu shingoni. Siku moja alinipigia simu akiwa juu ya kilima penye mtandao.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, "Barni amenijia. Nimeimba, akawaacha wenzake akaja."

Dada mtu niliona fahari sana. Wivu pia ulikuwepo, lakini huo ni wangu na ule uzi wangu.

Nikaenda tena Diff, safari hii na lori na mnunuzi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa nyama. Wa maziwa hatukumpata, na tulitafuta. Asubuhi ile Keynan alisimama kisimani akauimba wimbo na sauti yake ya tatu iliyopinda sawasawa, na wakatoka kundini mmoja mmoja, Barni mbele, mpaka watano wakasimama mbele yake. Abti alitikisa kichwa kukubali. Yangeishia hapo, ningekuwa nawasimulia habari ya furaha.

Lori lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka kwenye kilima cha udongo ambacho ndicho ngazi ya mifugo. Ngamia walifika ukingoni wakagoma. Walivutwa kwa kamba, wakasukumwa, Barni akalia kilio kile kinachosikika mbali. Dereva, Mkamba wa Mwingi aliyekuwa na haraka zake, alichukua fimbo.

"Wewe dereba, weka hiyo chini," Abti alimwambia kwa Kiswahili. "Hii ngamia ya kitofu. Hapana biga."

"Sasa mzee, watapanda na nini?"

Abti alimtazama Keynan. Sote tulimtazama Keynan, na nilimwona ndugu yangu akielewa, na nikatamani tungekuwa bado tunakula mayai.

Angeweza kukataa. Nasema hivi kwa sababu mwenyewe amekuwa akijisemea tangu siku ile. Alipanda kwenye lori, akaenda mpaka mwisho kule nyuma ya dereva, akatugeuzia mgongo, akaimba. Aliimba kama Abti, mchanga na yote. Barni aliacha kulia. Alipanda wa kwanza, wenzake wakamfuata bila kuguswa na mtu. Alipofika kwa Keynan aliinamisha shingo, akanusa mbao za sakafu ya lori, huku na huku, akitafuta maji.

Hapakuwa na maji. Keynan aliruka chini kupitia ubavuni.

Lori lilipoondoka, Abti alisimama karibu nami kwa muda. "Ameimba vizuri," alisema, na akaenda kuwanywesha waliobaki.

Chumba cha Iftin sasa kinafanya kazi. Orodha yote imo, hata umeme wa jua. Bendi zote nne huja, na wale wa Ifo nao huja wakipata kibali cha kutoka kambini, kila mwimbaji na maikrofoni yake, ingawa bado wana mazoea ya kuipokezana. Msimu uliopita harusi sita za hapa zilipigiwa na watu wa hapa, na majina ya babu yakatajwa ipasavyo. Mzee Kerrow hajasikia kitu, kwa hiyo anasema Keynan ni mpangaji mwema. Ndoto imetimia. Nasema hivyo bila kejeli, na nikipita pale moyo wangu hufurahi kweli.

Wiki iliyopita nilimpelekea chakula cha mchana. Ruweyda, mwimbaji wa kundi la Ifo, alikuwa amefika mapema. Keynan alikuwa anakunja nyaya huku akivuma kitu kwa pua, bila kujijua. Sauti nne, ya tatu imepinda.

"Huo ni wa kisimani," Ruweyda alisema, uso ukimng'aa. "Bibi yangu alikuwa na wake. Keynan, tufundishe. Siku hizi harusini wanapenda nyimbo za ngamia, wazee hata wanalia."

Keynan aliacha kuvuma. Alimaliza kukunja waya, akautundika kwenye msumari wake.

"Huo nimeshauuza," alisema, kisha akamwuliza angependa mazoezi yaanze na wimbo upi.