Gunia la Babu Kwenye Filamu ya Vita

Kama mtu anataka kujua siri za ile filamu ya vita iliyopigwa kwetu Likasi, aanze na hii: vifungo vya mashati ya askari vilikuwa vya kweli. Vililetwa kwa ndege, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na mimi, mshonaji wa mtaa wa Kikula, nilivishona kimoja kimoja huku mshauri wa historia amesimama nyuma yangu. Vifungo vinne, siyo vitano. Kwa sababu ya hicho cha tano alinilazimisha kufumua mashati thelathini. Kitambaa chenyewe kilikuwa mabaki ya sare za wanafunzi, lakini hilo halikumkosesha usingizi.

Kifaru kilikuwa mbao zilizopakwa rangi na kufungwa juu ya lori. Damu ilikuwa nyanya ya kopo. Maiti walikuwa jirani zangu, watu wa maombi, ambao walikataa katakata kufa mpaka mchungaji wao aje kuomba kwanza, maana kujilaza kama maiti ni kujitabiria kifo. Mchungaji akaja, akaomba, wakafa. Ukitazama vizuri utaona midomo yao inachezacheza. Walikuwa wanakemea mauti.

Yote hayo yangenichekesha mpaka leo, kama mama yangu asingekuwa na neno lake katika vita hivyo.

Alikuwa na miaka tisa wakati Katanga ilipojitenga na risasi zikafika mpaka kwetu. Walikaa Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Siku ya posho, yaani siku ambayo kampuni iliwagawia watu wake unga na maharage, babu yangu alikwenda kuchukua fungu lake. Wakati wa kurudi, penye kivuko cha reli, risasi ikampata akiwa na gunia begani. Nani alipiga, hakuna aliyejua. Ila siku hiyohiyo watu wengine walikuwa wamevunja ghala, basi kambi nzima ikaamua kwamba babu naye alikuwa mwizi. Mama alikua akiitwa mtoto wa mwizi, bombani na shuleni. Hata siku ya harusi yake, shangazi mmoja wa upande wa mume aliwaambia wapishi wachunge sahani.

Kwa hiyo mshauri alipopita nyumba kwa nyumba akitafuta wazee waliokumbuka, mama alivaa kitenge chake cha Pasaka akamweleza kila kitu.

"Andika muzuri, papa," alimwambia. "Baba yangu hakukuwa mwizi. Ile bunga ilikuwa posho yake."

Mshauri aliandika kweli. Aliuliza gunia lilikuwa la rangi gani, na lango la kivuko lilikuwa la chuma au la mbao. Alipoondoka, mama alibaki amekaa mlangoni anatabasamu peke yake.

"Sasa batu bote batajua," aliniambia.

Wiki chache baadaye nilipewa karatasi ya vitu vya kushona. Mstari wa tatu ulisema: gunia la mwizi wa unga, kivuko cha reli.

Nilimfuata mshauri, nikamsomea mstari huo. Alinisikiliza kwa upole, kama daktari.

"Mama, mahali ni palepale," aliniambia. "Saa ni ileile, unga ni uleule. Tumebadilisha sababu tu. Mtazamaji lazima aelewe kwa nini askari anapiga."

Huyo ndiye aliyekuwa hawezi kuvumilia kifungo cha tano. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kumwona mwongo aliyenunuliwa tiketi ya ndege.

Ningeweza kuacha kazi. Sikuacha, kwa sababu niliipenda, na kwa sababu nilijiona mjanja. Zamani, kila mke kambini alishona matrikule ya mumewe, ile namba yake ya kazi, juu ya gunia kwa uzi mwekundu, ili posho za watu zisichanganyikane. Namba ya babu naijua. Iko kwenye kadi yake ya kazi, ambayo mama anaitunza ndani ya Biblia. Nikaishona kwenye gunia. Nilijiambia kwamba mwenye macho ataona gunia lina mwenyewe, na hakuna anayeiba posho yake mwenyewe. Mama sikumwambia kitu, wala habari ya mwizi, wala habari ya namba.

Mshauri alipoiona alipiga makofi. Alisema huo ndio ukweli aliokuwa anautafuta, akamwita mpiga picha aisogelee karibu kabisa.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa parokia, uliojaa mpaka madirishani. Mama alikaa mstari wa pili, amevaa kile kitenge cha Pasaka. Watu walicheka walipowatambua maiti. Kisha kikaja kivuko cha reli. Namba ya babu ilijaa ukuta mzima, kila tundu lililotobolewa na sindano yangu likionekana. Askari akapiga kelele, "Mwizi!" Risasi ikalia, mtu akaanguka, na ukumbi ukashangilia.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwenye karatasi yao mwizi alikuwa mtu yeyote tu. Mimi, kwa mkono wangu, ndiye niliyempa namba yetu. Niliona aibu.

Mama alisimama. Kivuli cha kichwa chake kikaangukia katikati ya picha.

"Hakukuwa mwizi!" alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ule muntu ni baba yangu! Ile namba ni yake!"

"Mama, ikala chini!" mtu alijibu kutoka nyuma. "Hatuone filme!"

Wakacheka. Mama hakukaa. Aligeuka akawatazama mstari kwa mstari, akitafuta uso wa mtu mzee wa kutosha kumshuhudia. Walikuwa vijana tu na watoto wao. Wote walikuwa wanamngoja atoke kwenye mwanga.

Mimi nikashika pindo la kitenge chake, nikavuta.

"Mama, ikala," nilimnong'oneza. "Batu banatuangalia."

Aliniangalia kidogo, halafu akakaa.