Nailoni ya Siti

Jirani yangu hapa Rwamgasa alinunua gari, akakataa katakata kubandua nailoni iliyofunika siti. Ukimwomba lifti unakung'uta viatu kwanza, na usithubutu kula hata karanga humo ndani.

Jumamosi asubuhi mkewe alishikwa na uchungu. Mimi na mama yangu tukapanda nao kuelekea hospitali, Geita. Barabara ina mashimo, na jirani aliyakwepa moja moja, taratibu.

"Wewe mwanaume, kanyaga mafuta!" mkewe akapiga kelele.

"Nikikanyaga, shokapu zitakufa."

"Mtoto anakuja!"

Akasimamisha gari. Mama akanifukuza nje, akampokea mtoto wa kike pale pale kwenye siti ya nyuma. Jirani alichuchumaa kando ya barabara, kajishika kichwa, mpaka aliposikia kilio. Akainuka, akachungulia ndani huku machozi yakimtoka.

"Mnaona sasa?" akasema. "Mlikuwa mnaicheka nailoni yangu."

Mkewe alicheka mpaka mama akamwambia atulie. Hospitalini tuliambiwa wote ni wazima.

Siku hizi kila mjamzito wa mtaani kwetu humwamkia kwa heshima isiyo ya kawaida, naye huitikia marahaba akitazama tumbo, si uso.