Ua la Chui Halinyonyi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, katika kijiji chetu kipya cha ujamaa kando ya barabara ya Mikumi, vijana walipokuja na panga kumkata mnyonyaji. Mnyonyaji mwenyewe, mwanangu, alikuwa ua.

Wasomi huliita okidi. Sisi tuliliita ua la chui, kwa madoa yake ya kahawia juu ya petali za manjano. Shangazi yangu Debora, mjane, alishuka nalo kutoka milima ya Zombo tulipohamishwa. Marehemu mumewe ndiye aliyelipandikiza kwenye mti wa nyumbani kwao, na mti haubebeki. Basi alibandua kipande chenye mizizi, akakifunga kwa kamba ya katani kwenye mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba yake mpya. Mkwaju huo sasa ulikuwa mali ya kijiji.

Kiangazi kile mkwaju ukapukutika kuliko kawaida. Yohana, kiongozi wa vijana, alikuwa ametoka kwenye semina alikofundishwa kwamba taifa lina kupe wanaoishi kwa jasho la wenzao. Akatazama juu, akaona kiumbe mgongoni mwa kiumbe kingine, akaamini amemkamata mhalifu.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kukiondoa kimelea chako. Kinanyonya mti wa wananchi."

"Marahaba. Kinanyonya nini, baba? Hata udongo hakijawahi kuomba."

"Ndiyo maana! Kinakula vya mwenzake. Na anayefuga kupe tutamtaja mkutanoni."

"Labda ni ndugu yake," mwenzake mmoja alidakia, wakacheka.

Mimi sikucheka. Siku zile aliyeitwa mnyonyaji mbele ya mkutano alikosa wa kulima naye, na mjane asiye na wa kulima naye angekula nini? Shangazi aliegemeza mgongo wake kwenye shina. Yohana akapanda ngazi, akakata. Nusu ya ua ikaanguka miguuni pa shangazi.

Ndipo alipotokea Mzee Stefano, mwenyekiti wa kijiji, mtu mkali kwa mambo ya ujamaa kuliko vijana wote wale. Nilidhani amekuja kuwaunga mkono.

"Yohana," aliita, kwa upole uliotisha kuliko kelele, "umeona mzizi umeingia ndani ya mti?"

"Mzee, ni kimelea. Inajulikana."

"Sikukuuliza kinachojulikana. Bandua mmoja, uniambie unachokiona."

Yohana akaingiza ukucha chini ya mzizi mweupe. Ukabanduka kama ukoko wa uji. Chini yake gome lilikuwa zima, halina hata tundu.

"Haujaingia," alisema.

"Umeegemea tu, kama wewe ulivyoegemea ngazi hiyo. Unakula umande na majani yaliyooza yanayonaswa hapo juu. Mkwaju umepukutika kwa ukame. Neno kupe tulikupa ukawatafute wanaowaibia watu jasho lao. Wewe umemtupia mjane, kwa sababu yuko karibu na hana wa kumtetea. Shuka, uombe radhi."

Aliomba. Shangazi akamkabidhi kile kipande na kamba. "Kifunge ulipokikata. Usikaze hivyo, unakinyonga!"

Kipande kilishika, na baada ya misimu kadhaa kikachanua. Lakini shangazi, mpaka anafariki, mikutanoni alikaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea.

Mwanangu, ukilipata ua hili, usilizike kwenye udongo, mizizi itaoza. Lifunge kwenye gome lenye mikwaruzo, penye mwanga na upepo. Limwagilie linapochipua, na kiangazi uliache lipumzike, hata likionekana kuwa na kiu.

Na la pili ni zito zaidi. Wakati wenu pia una maneno yake ya kuua jina la mtu, nanyi mnayarusha haraka kuliko sisi. Kabla hujamwita mtu jina ulilofundishwa, nenda karibu naye, uchunguze kwa mkono wako mwenyewe. Kuomba radhi kutakutuliza wewe. Uliyemtaja atabaki akitafuta mahali pa kukaa.

Mungu akupe macho yanayotangulia ulimi, akuzungushie watu watakaokuuliza swali gumu kabla hujachelewa, na nyumba yako isikose ua wala chakula. Amina.