Bango la Hongera la Rhodora

Rhodora Sumagaysay alianza kuongea akiwa tumboni, ukimsikiliza mama yake. Mimi nasadiki, maana mdomo ule aliurithi kwake. Ukiwakuta wawili hao kibarazani kwao Iloilo, huko Ufilipino, wakimenya vitunguu, usitegemee kupata hata upenyo wa kusalimia.

Mdomo ulimpa kazi. Kila alfajiri alikaa mbele ya kompyuta, juu blauzi ya heshima, chini suruali ya kulalia, akiwafundisha Kiingereza watoto wa Japani. Miaka ikapita, akachoka kuwapigia makofi watoto waliofanikiwa kutaja rangi ya ndizi. Chuo kimoja cha ualimu kikamwahidi kazi ya kufundisha walimu wenzake, ila kwanza awe na shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha. Akajiandikisha masomo ya Jumamosi. Na tasnifu yake, jamani, ilihusu faida za mwalimu kunyamaza. Mwalimu akifunga mdomo, alidai, mwanafunzi hana budi kufungua wake. Hoja hiyo fupi aliieleza kwa kurasa ambazo mtu mzima angeweza kuzifanya mto.

Wiki moja kabla ya kuitetea, mama yake, Nay Pacing (kwao Nay ni mama), alifanya kile ambacho mzazi yeyote wa pale hufanya mtoto akifaulu. Alichapisha bango la turubai lenye uso wa Rhodora, mkubwa kuliko mlango, na maneno HONGERA MWANETU KWA SHAHADA YA UZAMILI, akalitundika kwenye uzio kando ya barabara. Kasoro ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa bado hajafaulu kitu.

"Nay, lishushe. Hata mtihani sijafanya."

"Mchapishaji alikuwa na punguzo, Inday, binti yangu. Ulitaka ningoje bei ipande?"

"Na nikifeli?"

"Kwa mdomo huo? Utafeli vipi?"

Rhodora akalifunika bango kwa shuka. Alipotoka kuoga, shuka lilikuwa limerudi kitandani.

"Sitaki mtoto wangu afunikwe uso kama maiti," alisema Nay Pacing.

Barabara hiyohiyo ndiyo aliyopita Daktari Villaruz, mwenyekiti wa jopo la kumtahini, kila akienda chuoni.

Siku ya utetezi Rhodora alilipangia jopo meza kama ilivyo ada: kuku wa kuchoma, tambi za pansit, vitumbua vya mchele. Daktari Villaruz akachagua paja, akaliweka kwenye sahani, kisha akamtazama.

"Bi Sumagaysay, nimesoma barabarani kwamba umeshafaulu. Sisi tumeitwa kula tu?"

Hapo ulimi ukamkauka. Yule mwanamke ambaye hata akipiga mswaki huongea alisimama mbele ya ubao akapepesa macho, na kazi ya chuoni aliiona ikimponyoka hivihivi. Feni ikazunguka. Wanajopo wakaanza kukohoa.

Mama mmoja mpole wa jopo, Daktari Jalandoni, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Nadhani anachotaka kutuambia ni kile cha sura ya tatu, kwamba mwanafunzi akiachiwa nafasi..."

"Sura ya tatu haisemi hivyo," akadakia mwenzake, Profesa Tirol. "Uliisoma kweli?"

"Wewe ndiye hukuisoma."

Wakashikana. Walifunua kurasa kwa vidole vya mafuta, wakatetea, wakapinga, wakarudia, na kuku alipobaki mifupa, tasnifu nzima ilikuwa imeshaelezwa, vizuri kuliko ilivyoandikwa. Daktari Villaruz akajipangusa mikono taratibu.

"Umefaulu," alisema. "Sijui kama ulikusudia, na tafadhali usiniambie."

Rhodora alifika nyumbani macho mekundu. Nay Pacing, aliyekuwa getini, alimtazama mara moja tu na kujijibu mwenyewe.

"Haya. Wamekukatalia." Akaketi kwenye ngazi. "Lakini bango silishushi, usinisumbue. Mimi nimefulia watu nguo tangu utoto wangu, na picha yangu haijatundikwa popote. Wewe hata ukifeli, nikifungua dirisha asubuhi nataka nikuone pale. Nilikuwa najivunia wewe kabla hujaenda hata kujiandikisha. Sikuwahi kukwambia tu."

Katika maneno yote yaliyowahi kumwagwa katika nyumba ile, hayo hayakuwamo. Rhodora akaketi kando yake, akamwacha aseme, akamwacha alie, mpaka alipojifuta macho kwa aproni.

"Nimefaulu, Nay."

"We mtoto. Mbona husemi?"

"Nilitaka umalize."