Vifuniko Vyekundu

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya mechi ya mwisho wa msimu, Verlon Kubena alitoka kuchukua gazeti akakuta kibao kimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba yake: NYUMBA INAUZWA. Hakushtuka. Hapa Bluestem, mji wa pamba wa Texas wenye taa moja ya barabarani na uwanja wa mpira wa kuketi watu elfu nne, kocha aliyefungwa sana hazomewi mlangoni. Anachomekewa kibao. Mtu anakiazima kwa dalali wa nyumba, anakileta wakati wenyewe wamelala, na kukicha kila aendaye kununua mkate anapunguza mwendo wa gari akisome vizuri.

Hicho kilikuwa cha nne. Verlon aliking'oa akakipeleka gereji. Viwili vilikuwa humo tayari. Cha kwanza, cha miaka mingi nyuma, kilikuwa bado bustanini, maana mkewe Earlene alipokiona siku ile alicheka mpaka akashika kiuno, akakifanya egemeo la nyanya. "Fungweni tena mwakani," alisema, "nipate na cha pilipili." Earlene alikuwa amekufa miaka mitatu sasa. Nyanya hazikupandwa tena, kibao kimebaki kinaegemewa na upepo.

Verlon alikuwa kocha wa mashambulizi wa shule ya mji. Mpira wa huku ni ule wa kubeba mkononi, kulikimbiza yai la ngozi na kugongana vifua, na kazi yake ilikuwa kuwachorea vijana njia ya kulivusha mstari wa mwisho. Msimu ule, mechi kumi, vijana wake walipata pointi sitini na moja. Kuna shule huzipata hizo kwa wiki mbili na zikaona zimecheza vibaya. Walifungwa mara tisa. Hiyo moja waliyoshinda, walioishinda ni walinzi, na mji mzima ulimwambia hivyo, wengine kwa adabu, wengine huku wakitafuna.

Januari, kocha mkuu Kendrick Oliphant alimwita ofisini. Kendrick alikuwa na miaka thelathini na nne, na zamani aliwahi kuchezea timu hiyo hiyo chini ya Verlon.

"Keti, kocha."

"Nimesimama vizuri."

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha kushika mpira nisiuangushe. Ndiyo maana nakwambia mimi mwenyewe, usije ukayasikia mgahawani. Una mpaka mechi ya kwanza, Agosti. Mashambulizi yakiwa haya haya, nafasi nampa mtu mwingine."

"Na mimi niende wapi?"

"Upumzike. Umeifanya kazi hii miaka thelathini na sita."

"Napumzika kila siku nikishafunga mlango wa nyumba yangu, Kendrick. Inatosha."

Kendrick alitazama chini. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mzee huyu hakuwa na watu wengine. Binti yake alikuwa Tulsa. Kila Jumapili alipiga simu kuuliza kama baba amekula, naye alijibu amekula, na baada ya hapo wote wawili walisikiliza kelele za simu. Ukiuondoa mpira, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi hapakuwa na mtu wa kumwita Verlon kwa jina. Hilo ndilo lililomtisha. Si kibao, wala maneno ya mgahawani.

Basi akaingia kazini kwa njia aliyoizoea. Mezani kwake jikoni kulikuwa na vifuniko ishirini na viwili vya chupa: kumi na moja vya buluu, ndio washambuliaji wake, na kumi na moja vyekundu, ndio walinzi wa adui. Alivipanga juu ya kitambaa cha meza, kidau cha chumvi kikawa mwamuzi, na kila jioni akachora mbinu mpya. Zikawa mia moja na tisini. Zikawa mia mbili na kumi na mbili. Kila aliyoichora, akiijaribu mezani, kifuniko cha buluu kilipita katikati ya vyekundu mpaka ukingoni mwa meza. Alienda kulala ameridhika, na lazima niseme, alikuwa amejidanganya kama mtoto.

Mei, kabla shule hazijafungwa, huwa kuna mazoezi ya majira ya kuchipua, na siku ya mwisho washambuliaji hucheza na walinzi wa timu yao wenyewe. Watu huja na viti vyao vya kukunja na matikiti maji. Walinzi walikuwa chini ya Royce Talley, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Royce na Verlon walikuwa wametumia ofisi moja miaka kumi na moja, meza zimepakana, na miaka mitatu ya mwisho hawakusemezana. Wakihitajiana, waliandikiana vikaratasi. Sababu aliijua Verlon moyoni: Earlene alizikwa Ijumaa moja ya Oktoba, na Royce hakuja.

Verlon aliita mbinu thelathini siku hiyo. Hakuna hata moja iliyovuka mstari. Vijana wake walisahau wasimame wapi, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alikimbia vizuri sana, lakini kuelekea upande usiofaa. Walipofika mbinu ya thelathini Royce hakuwa akipiga tena kelele, alikuwa akicheka, na akasahau kwamba hawasemezani.

"Verlon! Hiyo hata bibi yangu angeiona inakuja, naye ana mtoto wa jicho macho yote mawili!"

Watu wa matikiti walicheka. Verlon alikusanya karatasi zake akaenda nyumbani bila kuaga mtu.

Alizipanga upya mezani mbinu zile zile. Zikapita zote. Akazirudia. Zikapita. Ndipo alipoona mkono wake. Mkono wa kulia ulikuwa ukisogeza vifuniko vya buluu, na wa kushoto, kwa upole kabisa, ulikuwa ukiviondoa vyekundu njiani.

Miaka yote, vyekundu vilikuwa vya Earlene. Alikuwa mpishi wa shule, hakuwahi kuvaa filimbi, lakini baada ya chakula alikaa upande wake wa meza, mikono ya gauni imekunjwa, akaweka kidole juu ya kifuniko. "Mimi nakuja hapa. Haya, sasa wewe utafanyaje?"

"Hakuna mlinzi mwenye akili atakayesimama hapo."

"Mimi nimesimama. Na akili ninazo."

Na mbinu ikaenda kwenye pipa la taka. Nyingi zilikwenda huko, na zile zilizobaki ndizo zilizoupa mji ubingwa wa wilaya mara mbili. Mji ulimsifu Verlon. Kinyozi hajinyoi, lakini yeye tangu afiwe alikuwa akijinyoa kila jioni, na akijitazama anajiona nadhifu.

Alitazama kiti kile upande wa pili, kimesukumwa chini ya meza miaka mitatu. "Songa basi," alikiambia. "Songa, nizuie." Alisikia friji ikinguruma. Aliona aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu, na hilo likamuuma zaidi. Akaketi pale akalia, huku ameshika kifuniko chekundu.

Ilimchukua siku tisa kuimeza fahari yake. Siku ya kumi aliendesha gari mpaka kwa Royce, akamkuta uani anafuka moshi pamoja na nyama yake ya kidari.

"Umepotea?" Royce aliuliza.

"Nahitaji mtu wa kunikatalia."

"Kukukatalia? Mbona hiyo naifanya bure kila siku."

"Mezani. Kwa vifuniko. Earlene ndiye aliyekuwa..." Hakumaliza. "Usipotaka, sema."

Royce aligeuza nyama, akaifunika, akapangusa mikono kwa suruali. "Jumanne naweza," alisema. "Saa kumi. Lakini nyumbani kwako kuna kiyoyozi?"

Alikuja Jumanne na mfuko wa kolachi, ile mikate mitamu yenye jamu ya matunda katikati ambayo Wacheki wa mji wetu huoka. Verlon alikuwa ameleta kiti kingine kutoka sebuleni, amekiweka pembeni. Royce hakukiona, au alijifanya hakukiona. Alivuta kile cha chini ya meza, kikakwaruza sakafu, akakaa. Verlon alifungua mdomo kumwondoa. Kisha akaufunga.

"Haya, nionyeshe," Royce alisema, mdomo umejaa.

Verlon alisogeza buluu. Royce aliweka kidole kinene juu ya chekundu. "Nimefika kabla yako. Nyingine."

Nyingine ikafa. Ya tatu ikafa. Ya nne Royce hakusogeza kitu, alisema tu, "Nani atakumbuka hii yote? Mimi nina miaka hamsini na sita na nimesahau mwanzo wake." Mpaka saa kumi na mbili mbinu ishirini na sita zilikuwa chini sakafuni. Verlon alijisikia amepigwa, na alijisikia vizuri.

Ndipo alipouliza, akitazama meza. "Kwa nini hukuja kumzika?"

Royce aliacha kutafuna. "Ulimzika Ijumaa, Verlon. Siku ya mechi. Katika kaunti hii nzima hakuna anayezika Ijumaa wakati wa msimu, hata kasisi alikuuliza mara mbili."

"Sikuweza kukaa hapa peke yangu Ijumaa jioni. Nilitaka nitoke makaburini niende moja kwa moja uwanjani."

"Najua. Na ulipofika uwanjani ulikuta karatasi zako za mbinu zimewekwa mezani kwenye kibanda chako cha juu ya majukwaa, kwa mpangilio, na penseli zako mbili. Uliwahi kujiuliza ni nani alizipanga?"

Verlon hakuwahi kujiuliza. Siku ile alikuwa hajui hata amevaa viatu gani.

"Mtu alipaswa kufanya kazi yako asubuhi ile," Royce alisema. "Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Baadaye uliacha kunisalimu, nikadhani labda nilikosea. Kisha ikawa ni mazoea." Aliokota kolachi nyingine, akaitazama, akairudisha. "Nilimpenda sana, Earlene. Kila mtu alikuwa akimpenda."

Hawakukumbatiana. Hawa si watu wa hivyo. Verlon alisogeza kifuniko cha buluu, na Royce akakizuia.

Walikutana kila Jumanne ya Juni na ya Julai, pamba ikiota nje na joto likipasua lami. Royce akiondoka, Verlon alikirudisha kiti chini ya meza na nyumba ikanyamaza tena mpaka Jumanne nyingine. Sitadanganya kwamba upweke uliisha. Siku sita za wiki alikula wima mbele ya sinki, kama zamani. Ila sasa juma lilikuwa na mahali pa kushikilia.

Mwisho wa Julai, zilibaki mbinu tisa. Nane zilitoka katika zile mia mbili na kumi na mbili, zimepita chini ya kidole cha Royce. Ya tisa ilikuwa ya zamani, kwenye karatasi ya njano yenye doa la siagi. Vifuniko vyote vya buluu vilikimbilia kulia kwa pupa, isipokuwa kimoja, kilichotembea taratibu kushoto, mikono mifukoni, tuseme. Royce alijaribu kuizuia mara tano. Mara ya sita alikuna kichwa.

"Nani alichora hii?"

"Earlene. Alisema chakula cha mchana Ijumaa, mikate ya moto ikitoka, watoto wote humiminika upande mmoja wa kantini. Kisha anakuja mmoja asiyejifanya ana njaa, anapita upande mtupu, anabeba sinia zima. Tuliiita Mikate."

Royce aliirudisha karatasi mbele ya Verlon. "Hii iache," alisema.

Vijana walizishika mbinu tisa kwa siku tatu. Mmoja alimshukuru Verlon kwa machozi, maana mwaka uliopita alikuwa hajui lolote na aliogopa kusema.

Mechi ya kwanza ilikuwa na shule ya mji jirani, na uwanja ulijaa mpaka kwenye uzio. Verlon alikaa mahali pake, peke yake kwenye kibanda cha juu ya majukwaa, hedifoni masikioni. Hedifoni za makocha zilikuwa na laini mbili. Moja ya mashambulizi, ya Verlon na Kendrick aliyekuwa chini pembeni ya uwanja. Nyingine ya ulinzi, ya Royce, naye chini huko huko, na wasaidizi wake. Hazichanganywi, ni kama majiko mawili ya wake wenza.

Vijana wa Verlon walifunga mara mbili kabla ya mapumziko. Wageni wakafunga mara tatu. Zikabaki dakika mbili, Bluestem wakiwa pointi nne nyuma, na hatua ishirini mpaka mstari wa mwisho; kuuvuka ni pointi sita.

"Niambie, kocha," sauti ya Kendrick ilisema masikioni.

"Mikate."

"Sasa?"

"Sasa."

Vijana wakamiminika kulia. Walinzi wa wageni wote wakawafuata, hata yule wa mwisho kabisa. Na kushoto akatembea kijana mwembamba, hana haraka, hana njaa. Mpira ukapaa juu ya vichwa vyote ukamwangukia kifuani, akavuka mstari bila kuguswa na mtu.

Majukwaa yalitetemeka. Verlon alikuwa amesimama, mkono wake wa kushoto umeshika mgongo wa kiti kitupu kilichokuwa kando yake.

"Umeona, Earlene?" alisema. "Umeona?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Alilitambua hilo maneno yalipokwisha kutoka. Alimwona Kendrick kule chini ameshika hedifoni kwa mikono miwili, amejiinamia, na Verlon akatamani sakafu impokee.

Kisha Kendrick akamnong'oneza mtu kando yake, kukawa na mkwaruzo wa hedifoni ikibadili kichwa, na ikaja sauti ya kuita ng'ombe, sauti ambayo kwa miaka kumi na moja haikuwahi kuingia kwenye laini ile.

"Ameona, Verlon," Royce alisema. "Sasa keti, nina dakika moja na nusu ya kuzuia."

Verlon aliketi. Alikuwa amelitaka jibu hilo kutoka kwa mtu mmoja tu duniani, na si huyu. Alipangusa macho kwa mkono wa shati, akachukua penseli, akaandika muda uliobaki.