Thelathini na Tatu Gizani

Kazi yangu ni kupiga picha za bibi harusi, na kazi hiyo kwetu Unguja inataka uaminifu. Ukumbini wamo wanawake peke yao, vichwa wazi, mikono imejaa michoro ya piko, na mwenye kamera ni mmoja tu, mimi. Picha moja ikivuja, nimekwisha. Kwa hiyo kila ninayempiga picha namwahidi jambo lile lile: ukisema futa, nafuta mbele yako.

Niliyetamani kumpiga picha kuliko bibi harusi wote alikuwa mama yangu, naye hakutaka hata kusikia. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, ametoa macho kama mtu aliyegongewa mlango na mwizi. "Serikali ilinipata mara moja, inatosha," alikuwa akisema. "Uso wangu hauendi kuzungushwa kwenye simu za watu." Nikamwahidi kama ninavyowaahidi wengine, nikabaki na hamu yangu.

Mwaka huo nilikuwa najifunza kupiga picha gizani. Flashi ilikuwa imenichosha. Inawavamia watu usoni, wote wanatoka weupe kama sahani. Gizani mambo ni mengine. Unaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, unaacha jicho lake wazi kwa muda mrefu, kisha unakipitishia kitu mwanga wa tochi polepole, kama anayepaka chokaa ukutani. Kinachoguswa na mwanga kinatokea kwenye picha, na kisichoguswa kinabaki gizani.

Nyumba ya mama, Mji Mkongwe, ilikuwa na ghala chini lisilo na dirisha. Saa nne asubuhi ukifunga mlango wake huoni hata kiganja chako. Humo ndimo lilimokaa kasha lake la misumari ya shaba, alilokuja nalo siku alipoolewa. Nilianza na kasha kwa sababu kasha halina ubishi.

Kila Jumamosi nilitoka kwangu Mbweni na mfuko wa tochi na mishumaa. Mshumaa ulilifanya kasha liwe la manjano mno. Tochi ya simu ilikuwa kali, mpaka nilipoifunika kwa kipande cha khanga kuukuu, ndipo mwanga ukalainika na shaba ikaacha kunipigia kelele. Lakini kila picha ilitoka na cheche ndogondogo, zimepita mbele ya kasha mithili ya vimulimuli. Nikaamini kamera imeharibika. Nikaipeleka kwa fundi Darajani, akaifungua, akaipuliza, akanirudishia akisema haina ugonjwa wowote. Nilikasirika, nikamwona hajui kazi.

Mama ndiye aliyegundua. Aliitazama picha, akaitazama mikono ya buibui langu, lile la kisasa lililoshonewa vijiwe vya kung'ara mpaka kwenye vifundo, akacheka hadi akakaa chini.

"Sasa hayo mataa uliyojipamba nayo, ulidhani kamera haiyaoni?"

Alikwenda kuniletea buibui lake la zamani, jeusi tupu, halina hata uzi wa kung'aa. Nikalivaa, na cheche zikatoweka. Mimi mwenyewe nikatoweka. Nilikuwa nimepita mbele ya kamera mara tatu, na kwenye picha hapakuwa na mtu.

Jambo hilo lilimpendeza mama kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata nilihitaji mtu wa pili, maana kuzunguka kasha zima kulitaka muda mrefu, na mmoja lazima aibonyeze kamera asiiachie. Akajitolea kushika tochi.

"Na mimi sitotokea?"

"Ukivaa buibui lako, ukaenda bila ya kusimama, na mwanga ukauelekeza kwenye kasha, hutokei."

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Muda tuliupima kwa tasbihi yake. Subhanallah thelathini na tatu, kwa mwendo wake yeye, zilitosha kabisa kulizunguka kasha. "Wewe unapata picha, mimi napata thawabu," alisema. Tukafanya hivyo Jumamosi nyingi, yeye akinong'ona gizani, mimi kidole kwenye kitufe. Sikumbuki asubuhi nilizokuwa na furaha kuliko zile.

Siku moja alinyamaza katikati. Alikuwa amepoteza hesabu. Akasimama nyuma ya kasha, akainua tasbihi karibu na kidevu, akaimulika kwa tochi ili aone amefika punje ya ngapi. Kisha akaendelea mpaka mwisho, nami nikaachia kitufe.

Picha ilipojitokeza kwenye kioo cha kamera, nilikiinamia. Alikuwa pale, nyuma ya kasha lake, ameinamisha macho kwenye tasbihi, uso wote umetulia. Ndiye hasa, mama niliyemjua, si yule wa kitambulisho.

"Naona umenyamaza," alisema. "Imetoka?"

Ningeweza kumwambia imeharibika. Nilikwisha kulipanga neno mdomoni. Nikamsogezea kamera.

Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama.

"Umependeza, mama," nikamwambia.

"Nnajua nimependeza. Futa."

Nilimbembeleza. Nilimwambia itakaa kwangu tu, hataiona mtu. Akaniuliza kama bibi harusi wangu nao nawabembeleza hivyo. Nikabonyeza, kamera ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Nilikuwa na hasira naye kwelikweli. Yeye akaokota tochi yake, akasema haya, tuanze upya.

Picha ya mara ile ya pili ndiyo inayoning'inia sebuleni kwangu sasa. Ni kasha peke yake. Mwanga umeanza kushoto, umepanda taratibu kwenye misumari, na kwenye kona ya kulia umeshuka kidogo, pale bega lilipoanza kumuuma akateremsha mkono.

Alipofariki, jirani yangu wa Mbweni alikuja kunipa mkono wa pole. Akaangaza macho ukutani, akaniuliza picha ya mama iko wapi, mimi mpiga picha mzima. Nikamwonyesha lile kasha. Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono, akaniombea Mungu anipe subira.

Nikaitikia amina.