Kaseti ya Vartuhi

Garabed hakujua kusoma lugha yoyote. Nne alizijua kwa masikio: Kiarmenia, Kituruki, Kiarabu, na Kiswidi kidogo cha kununulia mkate. Watu wake, Waarmenia, walifukuzwa na utawala wa Waturuki kutoka makwao karibu na Kayseri, Uturuki, mwaka 1915, yeye bado anabebwa. Wengi waliuawa njiani. Alikulia Halab, Syria, kwa fundi viatu, akashona viatu Beirut miaka arobaini. Vita vilipofika mlangoni, yeye na mkewe Vartuhi wakaja Norsborg, Uswidi, mwisho wa reli.

Vartuhi alifariki Februari 1986. Aliacha kaseti moja. Humo alisema aliyoyaona mwaka 1915 akiwa na miaka saba, na aliyasema kwa Kituruki, maana kijijini kwao Waarmenia walizungumza hicho hicho.

Garabed aliisikiliza kila asubuhi. Kufika Mei sauti ilikuwa inakwaruza, na siku moja redio ikautafuna utepe. Aliogopa. Vijana wa chama cha Waarmenia walikuwa wanakusanya maneno ya wazee wayatie kitabuni, ila hakuna hata mmoja aliyejua Kituruki.

Jirani yake wa chini, Januari, Mtanzania, alifanya kazi kiwandani Södertälje.

"Kazini kuna Mturuki, Dursun. Anawaandikia wenzake barua."

"Mturuki?"

"Sasa Mzee, kuandika Kituruki ulitaka nikuletee Mmasai?"

Garabed akafunga mlango. Siku ya tatu akashuka, akagonga kwa Januari. "Mlete."

Dursun alikuja na Januari Jumapili, kofia mkononi, akamwita ami kama wanavyoitwa wazee kwao. Garabed akawa anabonyeza kaseti na kuisimamisha, Dursun anaandika. Saa mbili zikapita. Kuna mahali sauti ilisema mengi na kalamu ikaandika machache. Garabed aliliona hilo, akaendelea kubonyeza. Dursun alipomaliza upande wa kwanza, Garabed akamsukumia Januari karatasi.

"Soma."

"Mimi? Sijui hata neno moja la Kituruki."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Dursun akamwonyesha herufi chache ngeni. Januari akasoma silabi kwa silabi, kama anasoma Kiswahili.

"Unasoma kama mbuzi anayepanda ngazi," Garabed alisema, na hata Dursun akacheka.

Kisha mzee akainua mkono. "Hapo rudia."

Januari akarudia. Garabed akamgeukia Dursun, akasema Kituruki. "'Asubuhi tukatoka nyumbani.' Basi? Mikokoteni iko wapi?"

Dursun alitazama meza.

"Vartuhi amesema jirani alikuja na mikokoteni kuchukua magodoro, wao wenyewe bado wamo ndani. Na jina la jirani amelitaja."

"Ami, kijiji hicho nakijua. Shangazi yangu kaolewa pale. Jina hilo lipo hadi leo. Wanangu wakija kulisoma?"

"Mama aliyemficha Vartuhi ghalani wiki tatu naye Mturuki. Huyo umemwandika vizuri, na jina lake. Kwa nini huyu ana jina, na yule hana?"

Dursun akaiweka kalamu mezani.

"Mimi sikukuita nikugombeze," Garabed alisema. "Ila niliyemzika hawezi kusema mara ya pili."

"Nimekosea kusoma?" Januari aliuliza kwa Kiswidi.

"Hapana," Dursun alimjibu. "Umesoma nilichoandika."

Akachukua karatasi safi. Garabed akarudisha kaseti nyuma taratibu, kidole juu ya kitufe, anahofia utepe. Sauti ikasema tena. Safari hii kalamu haikusimama. Dursun akampa Januari, na Januari akasoma: mikokoteni, magodoro, jina. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Na chini," Dursun aliuliza, "niandike nani aliyeandika, au nipaache?"

"Andika."

"Wenzako wa chama watakasirika kuona jina la Mturuki."

"Wakikasirika waje kwangu. Mlango wanaujua."

Dursun akaandika jina lake lote, la kwanza na la ukoo. Garabed akageuza kaseti upande wa pili.